Lenzi ya Bi Khairat

Bwana Ghanim alikufa Jumamosi, na Jumatatu yake ndiyo ilikuwa siku ya mkewe kutolewa mtoto wa jicho. Laiti angelisubiri wiki ile ikatike, mambo yangelikuwa mengine. Lakini marehemu, Mungu amrehemu, hakupata kufika popote kwa wakati maisha yake yote. Mara hii moja tu aliwahi, na kuwahi kwake ndiko kulikoiharibu nyumba.

Alimwacha binti mmoja, Tahiya, mwalimu wa bayolojia kwenye skuli moja ya sekondari hapo mjini, na mjane, Bi Khairat, mwenye jicho moja. La kulia alilipoteza utotoni kwao Uroa, alipochomwa na mwiba wa mdimu. La kushoto ndilo lililomlea. Kwa jicho hilo alipanda mwani juani tangu msichana, kwa jicho hilo akajifunza kushona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, na kofia hizo ndizo zilizomleta Ghanim mpaka mlangoni kwao, mnunuzi aliyekuja kutafuta kofia akaondoka na mke. Sasa jicho lenyewe limeingia ukungu. Daktari Ahmada wa kliniki ya macho aliwaambia si jambo la kutisha: mgonjwa anaingia asubuhi, mchana yuko kwake anakula wali. Aliyasema hayo Ghanim akiwa hai, amekaa hapo kitini, anaitikia kwa kichwa.

Sasa Ghanim hayupo, na mjane amekaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila wanja, bila kuvuka kizingiti.

Siku ya hitma ya kumwombea marehemu, wanawake walijaa ghorofani mpaka ngazini. Bi Shaima, dada wa marehemu, alikaa katikati yao na kikombe chake cha kahawa. Watu wa ukoo huo walikuwa na mashamba zamani. Mashamba yalikwisha kwenda na njia zake, na kilichobakia ni nyumba hii ya Kiponda pamoja na namna yao ya kuinua nyusi. Bi Shaima aliinua zake, akasema kwa sauti ya kila mtu kuisikia, "Wajane wa nyumba hii hawaonekani mlangoni mpaka eda ishe. Ndivyo tulivyokuta."

Hakumtazama yeyote alipokuwa akisema. Lakini Bi Khairat, aliyekuwa amejiinamia pembeni ya godoro, aliinua kichwa, na Tahiya akamwona. Alijua papo hapo kwamba Jumatatu hakuna operesheni.

Alijaribu, si kwamba hakujaribu. Wageni wa matanga walipopungua, alikaa na mama yake mchana mmoja akamweleza kila kitu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa kidato cha tano, ila kwa upole zaidi.

"Mama, lenzi ya jicho haina damu."

"Kisicho na damu kinaishi vipi?"

"Kinaishi. Kinapata chakula chake kwenye maji yaliyokizunguka. Sasa maji hayo yana sodiamu tele, na ndani ya lenzi sodiamu haitakiwi, inatakiwa potasiamu. Kwa hivyo pale mbele ya lenzi pana safu moja ya seli, nyembamba hiyo. Kazi yao usiku na mchana ni kuitoa sodiamu nje na kuiingiza potasiamu ndani. Zile za ndani, nazo ndizo nyingi, kazi hiyo haziiwezi. Zinaishi kwa mgongo wa zile za mbele."

"Kama watu wa nyumba hii na baba yako," alisema Bi Khairat.

Tahiya alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu maziko. Kisha akaendelea. "Sasa seli za mbele zikichoka, sodiamu inabakia ndani, na chumvi ikikaa inavuta maji. Lenzi inavimba, inapoteza ung'avu wake. Huo ndio ukungu unaouona."

Bi Khairat alifikiri kidogo. Nyumba za mawe za pale mjini zina maradhi yake, na hiyo ya kwao stoo ya chini ilikuwa ikiingia maji kila masika. Ghanim alikuwa ameweka pampu ya kuyatoa. Mwaka pampu ilipoungua, chokaa ya ukuta ilivimba na kuanguka mapande mapande.

"Kama stoo," alisema.

"Kama stoo hasa."

"Baba yako alileta fundi."

"Hii haina fundi wa kuitengeneza, Mama. Lenzi inatolewa yote, inatiwa ya plastiki. Lakini itolewe kabla haijavimba sana. Ikivimba inasukuma mbele, inaziba njia yanayotokea maji ya jicho. Presha inapanda humo ndani mpaka mshipa wa nyuma, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, unakufa. Ukishakufa huo, hata ukitiwa lenzi ya almasi huoni."

"Nshakusikia, mwanangu."

"Basi twende."

"Ntakwenda eda ikisha." Akachukua sindano yake.

Alikuwa anashona kofia. Aliianza Ghanim yu hai, iwe yake ya Sikukuu, na Ghanim akafa kofia imefika nusu. Wengine wangeiweka chini. Yeye alisema kofia haina habari ya aliyekufa, inataka kumalizwa, na akishaimaliza atajua wa kumpa.

Tahiya alikwenda kwa imamu wa msikiti wa mtaani. Mzee yule hata hakumwacha amalize. Alikuja mwenyewe baada ya sala ya alasiri, akakaa nyuma ya pazia, akasema na mjane moja kwa moja. Alimwambia eda haikuwekwa kumwangamiza mtu, na kwamba mwenye maradhi anatoka mchana akatibiwa, akarudi kulala kwake, na eda yake iko palepale. Na dawa ya kutia jichoni si wanja wala pambo, ni dawa.

"Ahsante, sheikh," alisema Bi Khairat. "Mungu akuzidishie." Akamwagizia chai, na mkate wa mofa, lakini kutoka hakutoka.

Siku hiyo Tahiya alikasirika. "Sheikh kashasema! Unataka nani tena aseme? Malaika?"

Mama yake hakukasirika. Alipapasa godoro mpaka akaipata mikasi, akakata uzi.

"Sheikh ananijua mimi? Mimi nimeingia nyumba hii nnanuka mwani. Wifi zangu walikuwa wakifungua madirisha nikipita, na hawakuwa na joto. Walisema huyu wa shamba hatomaliza mwaka. Nikamaliza. Wakasema hatojua kupika vyakula vya kwetu. Nikavipika mpaka wakawa wanavifuata hapa. Baba yako alikuwa akiniambia, wacha, Khairat, wachia. Naye kafa. Hii eda, Tahiya, ndiyo ya mwisho yao kunipima. Nikiikaa ikatimia, hakuna tena chochote cha kusemwa. Ntakuwa mke wa Ghanim, basi, kama wengine walivyokuwa wake za waume zao."

"Na jicho?"

"Jicho lishasubiri mwaka mzima. Litashindwa miezi hiyo?"

Tahiya alijua kwamba mtu pekee wa kuufungua mlango ule ni Bi Shaima. Neno moja tu lake lingelitosha. Alikwenda mpaka kwake Hurumzi, akafika chini ya ngazi, akamsikia shangazi yake juu anacheka na mtu kwenye simu, kicheko kile kikubwa cha watu wasioogopa chochote. Akasimama pale. Akayapanga maneno, akayapangua. Alijiona anapanda kwenda kuomba ruhusa ya jicho la mama yake kama mtu anayeomba kibaba cha mchele. Akageuka akanunua mkate, akarudi nyumbani. Hakwenda tena.

Mwezi wa pili wa eda likatokea jambo lililowafurahisha wote isipokuwa Tahiya. Bi Khairat aliivua miwani yake ya kushonea, akaiweka dirishani, akasema haihitaji tena. Alitia uzi kwenye tundu la sindano mwenyewe, bila msaada. Jirani waliokuja kumtazama walimshukuru Mungu kwa sauti, mmoja akasema ni dua za marehemu.

"Unaona?" Bi Khairat alimwambia bintiye, uso umemchanua. "Linajirudi lenyewe."

Tahiya alikwenda kliniki peke yake, akamsimulia Daktari Ahmada. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mwambie asifurahi. Lenzi inanenepa. Ikinenepa, vya karibu vinaonekana kwa muda, kisha basi. Mlete."

"Hatoki."

"Mlete kwa nguvu."

Mama wa kupelekwa kwa nguvu Tahiya hakuwa naye. Alirudi akamwambia maneno ya daktari neno kwa neno, na Bi Khairat akamsikiliza huku anashona, akasema madaktari hawapendi mtu apone bila wao. Wiki chache baadaye miwani ilirudi puani. Kisha hata na miwani akawa anashona kwa kupapasa. Tahiya hakuwa na moyo wa kumwambia nilikwambia.

Mwezi wa tatu Wizara ikaitisha semina ya walimu wa sayansi kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, ya siku mbili, ya kulala huko. Tahiya hakutaka kwenda. Mama yake akamfukuza, akamwambia nenda ukale vya bure, mie nna watu tele. Ni kweli alikuwa na watu. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipokezana, na siku hizo mbili walikuwepo kuanzia asubuhi mpaka isha.

Maumivu yalimpata siku ileile Tahiya aliyoondoka. Yalianza jichoni, yakapanda kwenye nusu ya kichwa, yakamtapisha. Jicho likawa jekundu, likatiririka machozi bila kukoma. Na wanawake wale, watu wema wote, hakuna mbaya hata mmoja, waliliona jicho jekundu la mjane linabubujika, wakajua ni nini. Walimkumbatia. Walimwambia lia, Bi Khairat, lia upate nafuu, mume mwema huliliwa. Mmoja alimpa panadoli kwa ajili ya kichwa. Mwengine alikaa naye akilia pia. Bi Khairat hakuwasahihisha. Aliona mjane anayelia ndivyo anavyotakiwa kuwa, na mjane anayepiga kelele za jicho atatolewa mlangoni.

Tahiya aliporudi alimkuta amejilaza kaelekea ukutani, kitambaa kimefungwa kichwani, bakuli pembeni. Alimgeuza. Mboni ilikuwa imetanuka, haichezi, na nyuma yake peupe kama tui. Alimulika tochi ya simu.

"Unaona mwanga?"

"Mwanga gani?"

Hapo tena hakuuliza mtu. Alimvisha buibui, akamshika kwapani, akamteremsha ngazi. Hata katika maumivu yale, walipofika chini Bi Khairat aling'ang'ania nguzo ya ukumbi. "Si mlango wa mbele," alisema. "Tupite uchochoroni. Nifunike uso." Wakapita uchochoroni, kwenye maji machafu na paka, mama kafunikwa gubigubi, binti analia kwa hasira na woga, mpaka barabarani kwenye teksi.

Daktari Ahmada alifanya kazi yake na zaidi. Alimpa dawa za kushusha presha, ikashuka. Alimtoa ile lenzi iliyovimba, akamtia mpya. Siku ya kufungua bandeji aliinama akalichungulia jicho kwa taa yake muda mrefu, na Tahiya akachungulia pembeni yake. Lilikuwa jicho zuri. Weupe wa maziwa umeondoka wote, lenzi inang'ara, unaiona taa ya daktari ndani yake na dirisha la nyuma yake na vyuma vya dirisha.

"Bi Khairat, vidole vingapi?"

"Unavionesha?"

Daktari aliteremsha mkono. Alimtoa Tahiya nje ya mlango, akamwambia yale ambayo Tahiya alikuwa akiyajua tangu alipowasha tochi. Mshipa wa nyuma umekufa. Mwanga unaingia vizuri sasa, hauna pa kwenda. Angekuja mwezi mmoja kabla, alisema, asimalize, kwa sababu alimwona Tahiya anavyomtazama.

Tahiya alimaliza muhula wake. Alifundisha mada ya seli na utando wake, akachora ubaoni mishale ya sodiamu inayotoka na potasiamu inayoingia, akasahihisha madaftari. Alikuwa akifika nyumbani anamkuta mama yake amekaa palepale godoroni, mgongo ukutani, ameivaa eda yake kama kawaida. Alitoka mara hizo za hospitali tu, tena kwa kujificha, na alipoulizwa na jirani alisema jicho lilipata joto kidogo. Akamaliza miezi, akamaliza na siku.

Siku ya kutoka eda nyumba iliamka mapema. Wanawake walimwogesha, wakamvisha dera jipya la samawati, wakamfukiza udi mpaka nywele zikashika harufu. Alikuwa anatabasamu. Walipomwuliza anaonaje, alijibu anaona heri tupu, na wakadhani ni utani.

Bi Shaima alikuja saa nne. Alipanda ngazi kwa kutweta, akamshika wifi yake mabega yote mawili, akambusu.

"Shikamoo, wifi," alisema Bi Khairat.

"Marahaba. Mungu akupokelee eda yako, Khairat. Umekaa."

Neno lile ndilo lililokuwa likisubiriwa. Tahiya aliyekuwa akigawa haluwa aliona mabega ya mama yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu sana. Kama Bi Shaima angelinyamaza hapo, akala haluwa yake, akaenda zake, pengine ingelikuwa kitu. Kidogo, lakini kitu.

Akakaa kitako, akajipepea, akasema, "Ila nnalo moja la kukugombeza. Nimesikia jicho ulilipeleka hospitali kwa uchochoro wa nyuma, tena limeshaharibika. Kwa nini, mwenzangu? Kwa nini hukwenda mapema, mchana kweupe?"



"Nilikuwa eda," alisema Bi Khairat.

"Mbona mimi mume wangu Talal alipokufa, mwezi haujesha nikaumwa na jino. Nilikwenda kuling'oa na buibui langu, nikarudi kwa njia ya soko la Darajani, nikanunua na ndizi. Nani aliniuliza?"

Tahiya alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Shangazi, si wewe uliyesema siku ya hitma? Wajane wa nyumba hii hawaonekani mlangoni."

Bi Shaima alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hapakuwa na hila usoni mwake, na Tahiya aliutafuta ubaya humo kwa kila alichonacho, angalau apate wa kumchukia.

"Mimi? Labda nilisema. Siku ya hitma watu husema mengi. Mungenijia mukaniuliza, ningempeleka mwenyewe, gari ya mwanangu ipo hapo. Munanionaje nyinyi?"

Tahiya alikumbuka ngazi za Hurumzi, kicheko cha simu, na mkate. Alimwuliza imamu, alimwuliza daktari, aliyajua mambo ya sodiamu mpaka ndani ya seli, na huyu mtu mmoja hakumwuliza. Sahani ya haluwa ikamlemea, akaiweka chini.

Bi Khairat aligeuza uso kuelekea sauti ya wifi yake ilikotoka.

"Ndizi gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Ulizonunua Darajani."

"Ah, za sukari," alisema Bi Shaima. "Mkungu mdogo tu."

"Nzuri hizo," alisema Bi Khairat.

Wageni walipoondoka, jua bado liko juu. Tahiya alisema watoke, waende popote, Forodhani, Uroa kwao, mama apate hewa. Mama yake alitikisa kichwa. Aliomba arejeshwe pale godoroni. Akaipapasa kofia ya Ghanim chini ya mto, akaipitisha vidoleni, kiua kwa kiua, mpaka alipofika mahali viua vinapokwisha na kitambaa kinaendelea kitupu. Akaacha vidole hapo.

"Ungelimwuliza wifi, angekubali?"

Tahiya alitaka kusema uongo. Uongo haukumjia. "Angekubali, Mama. Siku ileile."

Jicho lile jipya, safi, la Bi Khairat lilikuwa limeelekea dirishani bila kupepesa.

"Tahiya."

"Naam."

"Usimsimulie mtu habari ya hizo ndizi. Watu wakikuuliza nilipofukaje, waambie mama alikaa eda ya baba."

"Naam, Mama."